Kambi za Chini

Mvua ikishaosha vumbi la hewani na jua halijapanda sana, mtu aliyesimama kwenye migongo ya vilima vya Karagwe na Kyerwa huona mbali. Macho yake huvuka bonde la Mto Kagera hadi kwenye vilele vilivyochongoka, vimesimama juu ya ukungu upande wa Rwanda. Ndiyo milima ya Mfumbiro, inayoitwa pia Virunga, iliyo zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Muhavura una mita 4,127. Karisimbi, mrefu kuliko yote katika safu hiyo, una mita 4,507, na siku nyingine huamka ukiwa mweupe kileleni.

Mwishoni mwa 1861 John Hanning Speke aliiona milima hiyo akiwa Karagwe, akawa Mzungu wa kwanza kuandika habari zake. Aliukadiria urefu wake kuwa futi 10,000 na ushei. Kwa kweli Karisimbi unakaribia futi 15,000. Hakuipanda. Aliihesabu kuwa sehemu ya Milima ya Mwezi, ile iliyosemwa tangu zama za Ptolemy kwamba ndiyo chimbuko la Nile, kisha akashika njia ya Buganda.

Historia za kupanda milima mirefu huanza pale theluji inapoanzia. Msomaji hupewa watu wawili, kamba, shoka la barafu na kilele. Mimi nadhani mwanzo wake uko chini sana kuliko hapo, mahali ambapo mzigo unashushwa, posho inapimwa, mgonjwa anaachwa apone, na mtu anaulizwa kama ataendelea au atarudi. Kwa milima ya katikati ya Afrika, mahali hapo palikuwa Karagwe kwa miaka mingi, na watu waliowezesha yote hayo karibu wote hawana majina vitabuni.

Tuanze na hesabu, maana mlima mrefu ni hesabu kabla haujawa ujasiri. Mpagazi wa njia ya Bagamoyo na Tabora alibeba frasila mbili hivi, kilo 30 na zaidi, mbali na mkeka wake na chombo chake cha kupikia. Posho yake ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Ukimtwisha kilo 30 za nafaka tupu na kumwambia aile njiani, ataimaliza katika wiki sita hivi, atafika mikono mitupu na bado ana njaa ya kurudi nayo. Kwa hiyo hakuna msafara uliowahi kubeba chakula chake chote. Misafara iliishi kwa vituo: unafika, unanunua, unapumzisha mabega, unaacha mizigo mingine nyuma, unatuma watu waifuate. Tabora, ambayo wakati huo Waarabu waliiita Kazeh, ilikuwa kituo kikuu. Kaskazini yake kabisa, penye njia ya kwenda Buganda, wafanyabiashara wa Pwani walikuwa na kituo cha Kafuro, ndani ya Karagwe, kwa idhini ya Omukama, mfalme wa nchi hiyo.

Omukama huyo alikuwa Rumanyika, wa ukoo wa Bahinda, aliyekaa Bweranyange. Speke na mwenzake James Augustus Grant walifika kwake tarehe 25 Novemba 1861, miezi 14 baada ya kuondoka Zanzibar. Nyuma yao kulikuwa na mlolongo wa machungu: wapagazi waliotoroka, njaa, na watawala waliodai hongo ya nguo na shanga kila baada ya mwendo mfupi, hasa katika nchi ya Usui waliyotoka kuipita. Kule Karagwe mambo yalibadilika mpakani. Watu wa Rumanyika walikuja kuwalaki na habari kwamba wakuu wa vijiji wameamriwa kuwalisha wageni kwa gharama ya Omukama. Hongo hakuna. Kwa msafara uliochoka, amri ile ilikuwa na thamani kuliko bunduki zote walizobeba.

Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni na kupelekwa India kabla ya kurudi Zanzibar akiwa mtu huru, ndiye aliyekuwa mdomo wa Speke hapo barazani. Rumanyika aliuliza maswali mengi juu ya nchi za mbali, na wageni nao wakamwuliza juu ya nchi za jirani. Mengi ambayo Ulaya ilikuja kuyasoma kuhusu maziwa na milima ya magharibi ya Karagwe yalipita katika mazungumzo hayo, kutoka Kinyambo cha wenyeji kwenda Kiswahili, kutoka Kiswahili kwenda Kihindustani ambacho Bombay alikitumia kuelewana na Speke, ndipo yakaandikwa kwa Kiingereza. Msafiri aliona vilele kwa macho yake, lakini ni wenyeji waliomwambia vinaitwaje na viko katika nchi ya nani.

Januari 1862 Speke akaendelea kwenda Buganda. Grant akabaki. Mguu wake ulikuwa umevimba na kutunga usaha, hawezi kukanyaga, na mgonjwa hakutakiwa kuingizwa katika nchi ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Alilala Karagwe hadi Aprili, karibu miezi mitano tangu wafike, akitibiwa kwa dawa za wenyeji pamoja na zake mwenyewe, akilishwa na kutembelewa na watu wa nyumba ya Omukama. Alipoondoka alibebwa kwa machela. Kila anayejua safari za milimani ataitambua kazi hiyo ya kambi ya chini: kumpokea aliyeshindwa na kumweka hai hadi aweze kusogea.

Miaka 14 baadaye akaja Henry Morton Stanley. Januari 1876 alikuwa amefika miguuni pa milima ya Ruwenzori, karibu na ziwa ambalo leo linaitwa George, pamoja na jeshi alilopewa na Kabaka Mutesa. Aliusikia mlima wenye weupe juu, lakini mawingu hayakufunguka, wenzake wakaogopa vita, wakarudi. Alilala chini ya theluji pasipo kuiona theluji. Kutoka huko akashuka hadi Karagwe, akafika Kafuro mwezi Februari, akaenda kumsalimu Rumanyika, ambaye sasa alikuwa mzee. Hapo Karagwe ndipo alipoona vilele vya Mfumbiro, vikiwa vitatu pamoja. Alipita pia Mtagata, kwenye chemchemi za maji moto ambazo leo ziko wilaya ya Kyerwa, akawakuta wagonjwa wamekuja kutoka mbali kuoga. Chemchemi hizo bado zinatoka, na bado watu wanakwenda kuoga.

Rumanyika alifariki miaka michache baada ya hapo, na nyumba yake ikaingia katika ugomvi wa urithi. Aliyekuja kupita baadaye hakuikuta tena Karagwe ya 1861.

Theluji ya Ruwenzori ilimtokea Stanley hatimaye mwaka 1888, akiwa katika safari ya kumtafuta Emin Pasha, gavana wa Equatoria. Mwaka uliofuata, Juni 1889, wakiwa wanarudi pamoja na Emin, Luteni William Stairs alitumwa kujaribu kupanda. Alikwenda na Wazanzibari 40. Emin alianza nao, macho yake mabovu na mwili wake vikamrudisha mapema. Stairs alifika futi 10,677, yaani mita 3,250 hivi, kisha akaona kati yake na theluji kuna makorongo makubwa. Chakula hakikuwapo cha siku za ziada, nguo za baridi hazikuwapo, na kambi nyingine juu haikuwapo. Akageuka.

Nataka tusimame kwa Stairs kidogo. Hakushindwa na mwamba wala barafu. Hakuifikia barafu yenyewe. Alishindwa kwa sababu alikwenda mlimani kama mtu anayekwenda na kurudi siku ya pili, na mlima ule ulitaka mtu anayehamia. Wale Wazanzibari 40 walikuwa wametembea kutoka mlango wa Mto Kongo, kupitia msitu wa Ituri ambao ulikuwa umewaua wenzao kwa mamia. Walikuwa hodari kuliko wapagazi wengi waliowahi kuwekwa chini ya mlima wowote. Hodari asiye na blanketi wala akiba ya chakula hawezi kulala kwenye mita 4,000.

Msafara ukashuka Nkore, ukavuka Kagera, ukaingia Karagwe. Stanley akapiga tena kambi Mtagata. Fikirini watu hao, wengi wao vidonda miguuni, mifupa imetokeza, wakijilaza kwenye maji ya moto baada ya mvua na baridi ya milimani. Kisha Kafuro, kisha Ziwa Burigi, kisha kusini na hatimaye Pwani.

Mwezi Oktoba wa mwaka huohuo, upande wa pili wa nchi, jambo ambalo Stairs hakuwa nalo lilifanywa Kilimanjaro. Hans Meyer wa Leipzig alikuwa ameujaribu mlima mara mbili. Mwaka 1887 alizuiwa na barafu na upungufu wa vifaa. Mwaka 1888 alikamatwa na watu wa Abushiri bin Salim wakati wa vita vya Pwani, akatoka kwa fidia. Mwaka 1889 akarudi na Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria, na mpango mpya. Kambi kuu ikawekwa Marangu, kwa Mangi Marealle. Kambi ya pili juu ya msitu. Kambi ya tatu juu zaidi, kwenye mita 4,300 hivi, katika uwanda baridi kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi. Wapagazi walipanda na kushuka baina ya vituo hivyo, wakileta chakula na kuni kwa zamu, ili wale wa juu wasilazimike kushuka kila walipoishiwa.

Katika kambi hiyo ya juu, pamoja na Wazungu wawili, alibaki Mswahili mmoja wa Pangani, Mwini Amani. Alikaa nao zaidi ya wiki mbili, akipika, akichota maji, akilinda hema wao wakiwa juu. Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller walifika ukingo wa kasoko, wakaona kilele chenyewe kiko mbali zaidi, saa zimekwisha. Wakarudi chini. Mtu wa kwenda na kurudi angeishia hapo. Wao walikuwa na kambi: wakala, wakalala, wakapanda tena, wakasogeza malazi juu zaidi kwa usiku mmoja, na tarehe 6 Oktoba wakasimama kwenye mita 5,895. Tofauti ya 1887 na 1889 haikuwa mguu wa Meyer. Ilikuwa Marangu, msafara wa chakula, na mtu wa Pangani aliyekubali kulala penye baridi ambayo kwao haijawahi kufika.

Rudini nami Kagera. Novemba 1890 Emin Pasha, sasa akiwa katika utumishi wa Wajerumani, alianzisha kituo cha Bukoba. Februari 1891 yeye na Franz Stuhlmann wakaondoka Bukoba kuelekea magharibi, njia ikiwa ileile ya Karagwe na Kafuro. Nchi waliyoipita ilikuwa imejeruhiwa. Mfalme alikuwa kijana Ndagara, Bahinda wamegawanyika, na katika miaka hiyo sotoka ilikuwa inafyeka ng'ombe kutoka kaskazini hadi kusini mwa Afrika Mashariki. Kituo kilichowahi kulisha misafara bure hakikuwa tena na cha kutoa. Hapo Karagwe ilianza kuwa njia tu ya kupita, yenye kituo cha kijeshi cha Bukoba nyuma yake.

Walipita Mpororo, wakafika Ziwa Edward, wakazunguka hadi upande wa magharibi wa Ruwenzori. Juni 1891 Stuhlmann alipanda kwa bonde la Butagu, siku kadhaa mfululizo, akilala kila usiku juu ya alipolala jana yake. Ndivyo alivyopita mashamba ya wenyeji, kisha mianzi, kisha miti ya mdambi iliyojaa ndevu za kuvumwani, hadi kwenye lobelia ndefu kuliko mtu. Alifika zaidi ya mita 4,000, karibu mita 800 juu ya Stairs, akaona kwa karibu kwamba Ruwenzori ni makundi kadhaa ya vilele vyenye theluji, wala si mlima mmoja. Theluji yenyewe hakuikanyaga. Wapagazi wake, waliovaa nguo za nchi za joto na kulala katika majani yaliyolowa, hawakuweza kwenda mbele zaidi, na ni vizuri hawakulazimishwa.

Maana tunajua kilichotokea pale wapagazi wengine walipokaa juu bila nguo zinazofaa.

Mwaka 1907 Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg alileta msafara mkubwa wa kisayansi. Walipanda treni kutoka Mombasa, wakavuka Ziwa Victoria kwa meli, wakaanzia mwendo wa miguu Bukoba, wakaelekea magharibi hadi Rwanda. Mmoja wa wataalamu, mjiolojia Egon Kirschstein, alipewa kazi ya kuchunguza milima ya Virunga. Kwa miezi mingi alihama kambi hata kambi kati ya vilele vile ambavyo Speke aliviona kwa mbali.

Februari 1908 alikuwa Karisimbi. Msafara wake ulikuwa unavuka kasoko la Branca, upande wa kusini wa mlima, penye ardhi ya tope na maji yaliyosimama, wakati dhoruba ilipoanguka: mvua ya mawe kwanza, kisha theluji, na upepo juu yake. Wapagazi walikuwa na vitambaa vya pamba, vimelowa, na miguu mitupu ndani ya maji yaliyokaribia kuganda. Waliweka mizigo chini. Wakaketi. Wakalala kwenye tope. Kirschstein aliwasihi, akawasukuma, akawapiga, wengi hawakuinuka. Yeye na wachache wenye nguvu waliwabeba waliowaweza hadi mahali pa kupiga hema na kuwasha moto, wakarudi tena kutafuta wengine. Walikufa watu 20.

Wasimulizi wa wakati ule waliona katika tukio hili tabia ya Mwafrika, wakasema alikata tamaa, akajitoa kwa majaliwa yake. Mimi nakataa kabisa maelezo hayo. Mwili uliolowa unapoteza joto haraka mno kuliko mwili mkavu, na upepo unauchukulia kilichobaki. Kwanza mtu hutetemeka. Mtetemo ni kazi, na kazi hula chakula kilicho mwilini. Mpagazi aliyeishi kwa kibaba kimoja na kubeba kilo 30 tangu asubuhi hana akiba ya kutetemeka muda mrefu. Mtetemo unakoma. Vidole havishiki, ulimi unakuwa mzito, fikira zinapotea, na usingizi unakuwa mtamu kuliko amri ya mtu yeyote. Mzungu aliyevaa sufu na viatu vya ngozi katika dhoruba ileile, wala mabegani hana mzigo, alikuwa mbali na hatua hiyo kwa saa kadhaa. Watu 20 walikufa kwa pamba, maji, upepo na njaa. Mtu yeyote duniani angelala pale.

Kasoko lile lina jina la mtaalamu wa Berlin, Wilhelm Branca. Wale 20 katika simulizi la msafara ni idadi.

Zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ya msiba huo, Ruwenzori ilikuwa imepandwa kwa namna nyingine. Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, alitoka Entebbe katikati ya Mei 1906 akiwa na mamia ya wapagazi, akafika Fort Portal mwisho wa mwezi. Chini ya mlima akabadilisha watu: mizigo ikachukuliwa na Bakonzo, wenyeji wa mteremko, wanaojua njia, baridi na mapango ya kulala. Kambi kuu ikawekwa Bujongolo, chini ya mwamba unaoning'inia, kwenye mita 3,798. Kutoka hapo mahema madogo yakasogezwa juu na waongozaji wake wa Milima ya Alps, na tarehe 18 Juni 1906 walikanyaga kilele cha Margherita, mita 5,109. Katika siku zilizofuata walipanda na kupima vilele vyote vikuu, naye Vittorio Sella akavipiga picha ambazo hadi leo ni ushahidi wa barafu iliyokuwapo. Barafu ile imepungua sana tangu hapo, na picha za Sella ndizo zinazotuonyesha kiasi kilichopotea.

Kutoka Ruwenzori Duke huyo alikwenda Asia. Mwaka 1909 aliongoza msafara hadi K2, mita 8,611, katika safu ya Karakoram jirani na Himalaya, akafika kwenye mita 6,000 na kidogo kwenye ukingo ambao bado unaitwa kwa cheo chake. Watu walewale, ujuzi uleule, ila sasa wapagazi ni Wabalti. Eric Shipton na Bill Tilman nao walikuja kukutana Kenya walikokuwa wakilima, wakapanda Mlima Kenya pamoja mwaka 1930 na Ruwenzori mwaka 1932. Agosti 1936 Tilman na Noel Odell walifika kilele cha Nanda Devi, mita 7,816, kilele kirefu kuliko vyote vilivyowahi kupandwa hadi wakati huo. Shipton, katika safari ya Everest ya 1935, alimchagua kijana mmoja miongoni mwa waliokuja kuomba kazi ya upagazi. Aliitwa Tenzing Norgay.

Everest ilikuwa hesabu ya posho iliyopelekwa hadi mwisho wake. Mwaka 1953 zaidi ya wapagazi 350 walibeba mizigo kutoka bonde la Kathmandu. Juu yao kulikuwa na kundi dogo zaidi la Masherpa waliobeba kati ya kambi za barafuni, juu ya hao wachache walioweza kwenda mita 8,000, na juu kabisa hema moja, kambi ya tisa, kwenye mita 8,500 hivi, walimolala Edmund Hillary na Tenzing peke yao usiku wa kuamkia 29 Mei. Kila kilo moja iliyofika katika hema lile ilikuwa imekula kilo nyingi njiani.

Kuna sababu ya pili ya kambi, na hiyo njia za Karagwe hazikuijua. Kwenye mita 5,000 pumzi moja huingiza nusu tu ya oksijeni inayoingia ufukweni. Kileleni pa Everest huingiza theluthi. Mwili ukipelekwa huko ghafla huanguka. Ukipelekwa polepole huongeza damu yake na kubadilisha namna ya kupumua. Basi mpandaji hupanda hadi kambi ya kwanza, anarudi chini kulala; anapanda hadi ya pili, analala, anarudi; wiki nzima nzima zinakwisha katika kwenda na kurudi ambako kwa mtazamaji ni kupoteza muda. Juu ya mita 8,000 mwili hauzoei tena. Unakufa polepole, na kila saa ina bei.

Leo njia ya upande wa Nepal ina kambi ya chini kwenye mita 5,300 na zaidi, kisha kambi nne, ya mwisho ikiwa karibu na mita 8,000 kwenye uwazi wa South Col. Masherpa wanatangulia kufunga kamba na ngazi, wanapandisha mahema na mitungi ya hewa, wanapita maporomoko ya barafu ya Khumbu mara nyingi kuliko mteja yeyote. Tarehe 18 Aprili 2014 poromoko la barafu liliua watu 16 hapo, wote wafanyakazi wa Nepal waliokuwa wakipandisha mizigo. Safari hii majina yao yalichapishwa, na wenzao waligoma, wakakataa kupanda msimu ule, wakaidai serikali fidia bora kwa familia.

Kileleni pa Everest Waafrika Mashariki nao wamefika. Mei 2012 Wilfred Moshi, mwongozaji wa Kilimanjaro, alikuwa Mtanzania wa kwanza kusimama juu ya Everest. Alitoka katika kazi ileile ya Mwini Amani: kuongoza na kuhudumia wageni kwenye kambi za Kibo. Mei 2022 James Kagambi wa Kenya, aliyefundisha watu kupanda milima kwa miaka mingi, alifika akiwa na zaidi ya miaka 60.

Karagwe yenyewe haina tena misafara. Kyerwa ikawa wilaya ya peke yake mwaka 2012. Daraja la Murongo linapitisha malori ya kahawa na ndizi kwenda na kutoka Uganda. Mwaka 2019 mapori ya akiba yalipandishwa hadhi, na mojawapo ya hifadhi mpya za taifa ikapewa jina la Rumanyika. Ninafurahi kwamba mwenye kambi amekumbukwa. Wapagazi waliokula chakula chake mwaka 1861, waliombeba Grant kwa machela, na waliooga Mtagata mwaka 1889, hawana hata kibao.

Mei 2024 Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki kutoka Kenya aliyekuwa amezoea milima mingi, alijaribu kupanda Everest bila mtungi wa hewa. Pamoja naye alikuwa mwongozaji wa Nepal, Nawang Sherpa. Mawasiliano yalikatika karibu na kilele. Mwili wa Kirui ulionekana mita chache chini yake, Nawang hakupatikana. Katika habari zilizotangazwa Nairobi siku zile, majina yote mawili yalisomwa.